Ndoo ya Wageni

Kizota, Dodoma
Jumamosi jioni

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kuaga majirani, na kwa ninavyowajua majirani zetu hutarudi kabla ya isha. Kila nyumba utakalishwa, utapewa chai, utaombewa dua, na mama wa nyumba ya pili atalia kuliko mimi niliyekuzaa. Basi nimepata nafasi. Begi lako liko mlangoni limefungwa kamba, nami nimekaa mezani naandika haya upesi ili uyakute juu ya mto wako. Uyasome leo leo. Usiyapeleke Dar es Salaam ukayasomee huko, maana yakifika huko hayatakuwa na kazi tena.

Sitakuambia ufunge mlango, wala ule ushibe, wala umwamkie nani kwanza. Hayo ulishafundishwa, na kama hayakuingia kwa miaka yote hii hayataingia kwa karatasi. Nataka tuzungumze juu ya neno ulilonitupia juzi jikoni.

Nilikuwa nasonga ugali. Wewe ulikuwa unanisimulia habari za duka la Baba Mkubwa wako Shabani: matangi ya kioo kutoka sakafuni mpaka darini, samaki wa mapambo wa kila rangi wanaoshushwa na ndege, na wewe ndiye utakayekuwa msimamizi. Nikainamia sufuria. Ukaniangalia, ukasema, "Mama, bado una kinyongo tu? Walikuwa samaki tu wale."

Nikaendelea kusonga. Baadaye ukausifu ugali kwamba ni laini. Ulilainishwa na hasira, mwanangu.

Ni kweli, walikuwa samaki. Wadogo, hata paka angewadharau. Nawe ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, na hadithi yao unaijua kama anavyoisimulia Baba Mkubwa wako: kwamba alimletea shemeji yake samaki wazuri wa dhahabu, shemeji akawatia chumvi kama anakausha dagaa, wakafa wao na wenzao, na wa hotelini nao wakafa. Anaisimulia vizuri. Mimi mwenyewe ningecheka, kama anayechekwa asingekuwa mimi.

Sasa isikie kwangu, mara moja tu.

Unajua nilifanya kazi maabara, lakini sidhani kama uliwahi kuuliza kazi gani. Tulikuwa tunazalisha samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, ili wapelekwe kwenye visima na matangi ya maji ya mvua, malaria ipungue. Mimi nilitoka Mpwapwa, binti wa mfugaji, nimemaliza chuo na cheti changu cha mifugo mkononi, nikitegemea kupangiwa ng'ombe. Nikapangiwa gapi, ndio hao samaki wadogo. Babu yako aliposikia kwamba mwanawe analipwa mshahara kuchunga samaki wasiolika, aliuliza kama serikali imeishiwa ng'ombe.

Lakini niliipenda kazi ile. Niliipenda kuliko ninavyoweza kukuambia, na nadhani ndiyo maana bado inauma. Mkuu wetu alikuwa Bwana Ndahani, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja mbele ya mtu yeyote. Kila samaki aliyeingia kwetu, awe ametoka bwawani au ametumwa na mtaalamu, alikaa kwanza kwenye ndoo yake, peke yake, na kinyavu chake na mpira wake wa kunyonyea maji, wiki kadhaa, hata awe mzuri namna gani. Tuliiita ndoo ya wageni. Ilikaa kona ya nyuma, mbali na matangi.

Siku moja akaja mtaalamu wa kizungu na samaki wake kwenye chupa. Alitaka wamiminwe ndani ya tangi kubwa palepale, apige picha. Bwana Ndahani akampokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti, akatuma soda. Kisha akaichukua chupa ile kwa adabu yote akaenda nayo kona ya nyuma. Mzungu akawa mwekundu. Alipoondoka nikamuuliza Bwana Ndahani, "Mzee, hukuona aibu?"

"Niliona," akasema. "Lakini aibu ile ni yangu peke yangu, na jioni itakuwa imekwisha. Ugonjwa ungekuwa wa wote."

Nilikuwa kijana. Nikadhani ni maneno ya maabara tu.

Alinionyesha pia ugonjwa aliokuwa anauogopa zaidi, ule wa madoa meupe. Nilimwangalia mdudu wake kwenye hadubini. Ni wa mviringo, ana vinyweleo pande zote, anajizungusha taratibu kama hana haraka na mtu, na ndani yake kuna kitu kimepinda kama pembe ya ng'ombe. Nikamwonea huruma, wallahi, alivyokuwa mdogo. Mdudu yule huingia chini ya ngozi ya samaki na kujifunika humo, ndipo unapoona doa jeupe kama chembe ya chumvi. Humo dawa haimfikii. Anakula, ananenepa, na akishashiba hutoka mwenyewe. Samaki hubaki safi kabisa, anang'aa, utasema amepona. Kumbe mdudu amezama chini kwenye changarawe, amejifunika upya, anajigawa. Mmoja anakuwa mamia. Halafu hao mamia wanapanda juu kutafuta ngozi, na hapo tu, wakiwa wanaogelea wazi, ndipo dawa inapowaweza.

Kwa hiyo Bwana Ndahani alikuwa anasema: samaki akionekana mgonjwa, tibu, akionekana amepona, tibu zaidi.

Mradi ukaisha. Wafadhili walirudi kwao na serikali ilikuwa inapunguza watu kila ofisi. Wengine walilia, wengine walipiga viti teke. Bwana Ndahani alinipa ruhusa nichukue mama za moli, yaani majike ya kuzalishia ya samaki wengine tuliokuwa nao, weusi tii, pamoja na gapi kiasi, nikaja nao hapa Kizota kwenye ndoo mbili. Fundi wa hapo jirani, yule anayechomelea mageti, akanitengenezea tangi la kwanza kwa vyuma na vioo vya dirisha. Lilivuja wiki nzima. La pili halikuvuja.

Ilikuwa miaka ya ruksa imeshika kasi. Maduka yaliyokuwa yanauza kiberiti na fagio yakajaa redio na mazulia. Kila aliyefungua baa alitaka tangi la kioo karibu na kaunta, nadhani ili walevi wapate wa kuongea naye. Maofisa nao wakataka, hoteli zikataka. Dodoma nzima, mtu wa kuuliza habari za samaki nilikuwa mimi. Chumba cha nyuma unacholala wewe kilijengwa na moli weusi. Sare zako, madaftari yako, godoro lako: moli weusi. Baba yako alikuwa amepunguzwa udereva kwenye shirika, na kiinua mgongo kilikwisha kabla mgongo haujainuka. Alikuwa anashinda barazani na redio. Sisemi hivi kumdharau. Nasema ili ujue nani alikuwa anapika, na kwa fedha ya nini.

Ndipo akaja Baba Mkubwa wako.

Wakati huo alikuwa na lori moja, ananunua mahindi Kibaigwa na kuyashusha Dar es Salaam, akirudi na bidhaa. Alikuwa anatafuta dereva wa kumwamini kwa lori la pili. Baba yako alijua. Mimi nilijua. Nyumba nzima ilifagiliwa kwa ajili ya jambo lile. Nilichinja jogoo, nikapika wali, nikavaa kanga mpya. Ilikuwa Juni, na wewe unaijua Juni ya hapa, upepo unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Kwa sababu ya baridi nilikuwa nimewahamishia mama za moli wote kwenye tangi kubwa la sebuleni, chini ya taa, wapate joto.

Akaingia na mfuko wa nailoni umejaa maji, ameunyanyua juu kama kombe. Ndani samaki wa dhahabu, wanono, mikia mirefu. "Shemeji!" akasema. "Nimekuletea wenzao, wasikae wapweke."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikasema, "Ahsante sana, shemeji. Ngoja niwapumzishe kwanza kwenye ndoo huko nyuma."

"Ndoo?" Akamgeukia baba yako. "Mdogo wangu, umesikia? Nimesafiri nao kutoka Dar wamekaa mapajani mwangu, njia nzima nawabembeleza kama mtoto, halafu mkeo anawaweka ndooni. Kwani wana ukoma?"

Baba yako akaniangalia. Ulishaliona jicho lile, halina ukali, lina kuomba. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Zuhura, usitutie aibu. Zawadi ya mtu haiwekwi uani."

Na ni kweli, haiwekwi. Ndivyo tulivyolelewa wote, wewe na mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata tunapotania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hizo siku mbili ni zake, hatumuulizi ametoka na nini. Nani atamwambia kaka wa mumewe, mbele ya mumewe asiye na kazi, kwamba zawadi yako inaweza kuwa na ugonjwa? Nilikuwa na maneno ya Bwana Ndahani yote kichwani, neno kwa neno. Nikafungua mfuko nikawamimina sebuleni, kati ya moli wangu. Wakapiga makofi. Jioni ile ile baba yako akapata lori.

Unaona sasa? Sikuwamimina bure. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na bado hainisaidii.

Baada ya siku chache moli wakaanza kujisugua kwenye mawe. Kwa moli mweusi doa jeupe halijifichi. Asubuhi moja niliwakuta kama waliomwagiwa chumvi. Nilikaa chini pale pale sebuleni. Kisha nikainuka, nikatia chumvi ya mawe kwa kipimo, nikatia dawa ya buluu niliyobaki nayo kutoka maabara, nikashusha taa karibu na maji yapate joto, maana kwenye joto mdudu hutoka mapema na kukutana na dawa. Mgao wa umeme ulipokatisha taa niliweka jiko la mkaa karibu na tangi, nikawa nayakoroga maji kwa bakuli yapate hewa. Wewe ulikuwa unanisaidia kushika tochi ukalala umesimama.

Na katika haraka ile nikatumia kinyavu kimoja na mpira mmoja wa maji, sebuleni na kwenye matangi ya watoto wa moli chumba cha nyuma. Mimi, niliyefundishwa. Wa nyuma nao wakapata.

Kisha madoa yakaondoka. Yote. Moli wakang'aa kama viatu vya askari. Baba Mkubwa wako akapitia akitoka Kibaigwa, akachungulia, akasema, "Si unaona, shemeji? Mafua tu. Sasa acha kuwatesa na chumvi."

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana hapa Shabani hayumo. Meneja wa hoteli alikuwa ananisubiri. Kikao cha Bunge kilikuwa karibu, wabunge wangefikia pale, na alitaka tangi la mapokezi lijae samaki weusi kabla hawajafika. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nilijua madoa yakiondoka maana yake nini. Nilimwona yule mdudu kwa macho yangu. Lakini mtu akitamani jambo sana, mwanangu, elimu yake humgeuka ikaanza kumtetea. Nikajiambia chumvi yangu ilikuwa kali, labda imewakamata wote. Nikajiambia changarawe nimeiosha vizuri. Nikajiambia Bwana Ndahani alikuwa mwoga. Nikaacha dawa, nikawabeba moli wangu wanaong'aa, nikawapeleka hotelini nimevaa ile kanga mpya. Meneja akanipigia saluti.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Walitokwa na madoa pale mapokezi, wabunge wamekaa kwenye sofa wanawatazama. Walivyokuwa weusi, hata asiyeona vizuri aliona. Baada ya hapo wakaanza kuelea. Meneja akaniita, akanisimamisha mbele ya wahudumu wake, akasema, "Mama, nimesikia samaki mmoja akioza wote wameoza. Wako hawakusubiri hata huyo mmoja." Nikawatoa maiti mimi mwenyewe kwa kinyavu, mmoja mmoja, watu wanapita na mabegi yao. Nyumbani nako walikuwa wanakufa. Mama wa mwisho wa moli wa Bwana Ndahani alikufa ana mimba. Nilimfukia chini ya mpapai.

Basi hayo makosa mawili ni yangu, kinyavu na hoteli, na sitaki uyapeleke kwa mtu mwingine. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza siku ya mfuko. Siku ya hoteli sikuwa na sababu, nilikuwa na tamaa.

Lakini lile la kwanza si langu. Na kinyongo unachokiona hakikutokana na samaki kufa. Samaki hufa. Kilitokana na Idi.

Idi ile tulikuwa sote kwa bibi yako, ukoo mzima mkekani, sinia za pilau katikati. Mtu akauliza habari za samaki wangu. Kabla sijafungua mdomo, Shabani akadakia. "Jamani, Mgogo na samaki wapi na wapi? Nimempa samaki, kawaona ng'ombe, kawalambisha chumvi!"

Walicheka mpaka bibi yako akapaliwa. Nawe unajua utani hauna kesi. Mimi ni mtu wa Mpwapwa niliyeolewa kwa watu wa mjini, wananitania tangu siku ya harusi, nami nawatania. Ukikasirikia utani wewe ndiye mkosaji. Baba yako alicheka, macho yake yako kwenye sinia. Na wewe ulikuwa umekaa mapajani kwa Baba Mkubwa wako, mdomo umejaa pilau, ukacheka ukaniangalia, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Sikulaumu hata kidogo, ulikuwa mtoto. Lakini sijausahau uso wako.

Unajua nilifanya nini? Nikajibu utani, kama inavyotakiwa. Kisha nikachukua upawa nikamwongezea nyama.

Baada ya muda tangi la hoteli likajaa tena. Samaki wa Shabani, kutoka Dar. Na baa zikafuata, na ofisi. Sikuwa na mama wa kuanzia upya, na hata ningekuwa nao, nani angenunua kwa mwanamke aliyewalambisha samaki chumvi? Utani ule ulifanya kazi kuliko tangazo la redio. Nikarudi kuuza maandazi. Umekula maandazi hayo mpaka kidato cha nne, huwezi kuniambia hukujua ladha yake.

Kuna jambo lingine, na hili baba yako hajui kwamba nakuandikia. Mwaka jana alipolazwa na homa, akadhani anakufa, akanishika mkono akaniambia. Alikuwa ameshawahi kwenda na lori mpaka kwenye duka walikotoka wale samaki wa dhahabu, akaongea na mwenye duka. Shabani hakuwanunua. Alipewa bure. Wenzao walikuwa wanakufa, mwenye duka alikuwa anakwenda kuwatupa, na akamwambia wazi. Shabani akasema, "Nipe mimi, nina shemeji yangu anawapenda."

Sidhani alikusudia kuniua kwa njaa. Hapana. Alitaka tu aingie nyumbani kwetu na kitu mkononi, aonekane mkarimu, bila kutoa kitu. Alijua ni wagonjwa wala hakujali, hakudhani kitu kidogo vile kinaweza kuwa chakula cha mtu. Halafu akaja kuniuliza kama wana ukoma. Na baba yako alilijua hilo miaka yote, akawa anaendesha lori la kaka yake, analala kitandani kwangu. Alipopona homa hakulitaja tena, nami sikulitaja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema. Mimi kikulacho changu nilikuwa nakifulia na kukipigia pasi.

Sasa, katika watoto wote wa ukoo, unadhani kwa nini amekuita wewe? Binti zake mwenyewe wako pale pale Dar. Amekuita kwa sababu samaki wake wanakufa. Baba yako ameniambia, na ameniambia pia kwamba Shabani alisema, "Zuhura aje na ile dawa ya mama yake." Ile chumvi, Zuhura. Ile ile.

Nitakuambia ukweli ulivyo. Tangu nisikie neno lile nimetamani samaki wake wafe. Wote, tangi kwa tangi, na yeye asimame katikati ya maji machafu. Nimelitamani nikiwa nasali, Mungu anisamehe. Niliazimia nikuache uende mikono mitupu. Kisha nikaona atakayesimama katikati ya matangi yale si yeye. Ni wewe. Na Idi itakayofuata ingekuwa na utani mpya: mama na binti.

Kwa hiyo chukua maneno haya. Usipokee mfuko wowote wa samaki ukaumimina siku hiyo hiyo, hata aulete yeye mwenyewe amebeba mapajani, hata wateja wamejipanga mlangoni. Wapokee wenye samaki, wape kiti, wape soda, waite kwa majina mazuri yote. Samaki wenyewe weka kando, na vyombo vyao. Watakuita mjuaji. Watakuuliza nani kakufundisha kiburi. Itaisha jioni. Na siku wakipona, ndiyo siku ya kuongeza macho, usimruhusu mtu akuvute mkono kutoka kwenye dawa kwa sababu wanang'aa. Hasa usijiruhusu mwenyewe. Vipimo vya chumvi na vya dawa unavijua, ulikuwa unanimulikia kwa tochi nikivipima.

Haya sasa ya kesho.

Amesema atakuja kukuchukua mwenyewe, na gari lake jipya. Nitampikia. Sitaki uondoke kwenye nyumba iliyomnyima mgeni chakula. Atakula ashibe, atanawa. Halafu, kabla hujainua begi, nitasimama pale sebuleni mbele yake na mbele ya baba yako, nitamwambia: shemeji, wale samaki ulipewa bure kwa sababu walikuwa wanakufa, na uliambiwa. Sitadai fidia. Sitaki pole yake wala sitapiga kelele. Nataka aseme ndiyo, kwa mdomo wake, wewe ukisikia, kabla hajakupeleka kumtibia samaki wake.

Hatasema. Namjua. Atatafuta utani, na ataupata, maana kwa hilo Mungu kampa kipaji. Atasema jambo la Wagogo, au la chumvi, au la wanawake na kumbukumbu zao. Baba yako atacheka, kwa sababu lori si lake. Na mimi nitakuwa nimesimama katikati ya sebule yangu na nywele zangu zenye mvi.

Sikuombi umchukie, yeye ni baba yako mkubwa na damu ni damu. Sikuombi ubaki, hapa nina maandazi tu ya kukupa. Sikuombi hata useme neno, mtoto hamjibu mkubwa. Radhi yangu unayo, nimekutolea tangu alfajiri ya leo, na siichukui tena kwa lolote litakalotokea.

Ninakuomba kitu kimoja. Wakicheka, usicheke.

Ukae tu kimya, uniangalie mimi. Na ukishindwa, ukacheka kwa sababu wote wanacheka, basi safari njema vilevile, mwanangu, nitakupungia mkono mpaka gari lipotee. Ila hapo utakuwa umeshaondoka kabla halijawashwa.

Mimi mama yako